Margaret Walker: Dakika Kumi na Tano, Miaka Thelathini

Mwezi Julai 1937, mjini Chicago, msichana aliyekuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 22 aliketi mbele ya taipureta akaanza kupiga chapa kwa kasi. Kwa maelezo yake mwenyewe ya baadaye, shairi lile lilimtoka kwa muda wa dakika 15, ubeti baada ya ubeti, isipokuwa ubeti wa mwisho ambao uligoma. Novemba ya mwaka huohuo jarida la Poetry likalichapisha. Shairi hilo ni "For My People", na msichana huyo ni Margaret Walker, mwandishi mweusi wa Marekani.

Riwaya yake, Jubilee, ilimchukua miaka 30.

Nimekuwa nikizigeuza tarakimu hizo mbili kichwani kwa majuma kadhaa, tangu nilipomsikia mzungumzaji mmoja katika mkutano wa wasomaji akizitaja kuwa ni mfano wa subira. Alisema kwamba mwandishi wa kweli hana pupa, kwamba kazi njema huiva kwa wakati wake, na ukumbi ukapiga makofi. Mimi sikupiga, wala sikuwa na hoja ya kumpinga. Nilibaki tu na mashaka kwamba mwanamke yule alikuwa anasifiwa kwa jambo ambalo hakulichagua, na mashaka hayo yakawa yananifuata hata jikoni, hata ninaposahihisha madaftari ya wanafunzi, mpaka nikaamua kurudi kwenye maisha yake na kuyasoma upya.

## Bibi asiyekubali kunyamaza

Walker alizaliwa tarehe 7 Julai 1915 huko Birmingham, Alabama, na sehemu kubwa ya utoto wake ikapita New Orleans. Baba yake, mzaliwa wa Jamaica, alikuwa mchungaji wa Kimethodisti na mwalimu; mama yake alifundisha muziki. Ilikuwa nyumba ya vitabu, ya kinanda na ya sala, lakini aliyemtia kalamu mkononi, kwa jinsi ninavyoona mimi, ni bibi yake mzaa mama, Elvira Ware Dozier, aliyekuwa akiishi nao.

Bibi huyo alikuwa na hadithi moja kubwa, nayo ilikuwa ya mama yake mzazi: jinsi alivyozaliwa utumwani Georgia, mtoto wa bwana mwenye shamba na mjakazi wake, jinsi alivyotumika katika nyumba ya baba asiyemtambua, jinsi vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokuja vikapita, na jinsi yeye na watoto wake walivyohangaika baada ya uhuru wakitafuta pa kuishi huko Alabama. Usiku ukishakwenda sana, wazazi wakimkuta mtoto bado yu macho anasikiliza, walikuwa wakilalamika kwamba bibi anamjaza binti yao visa vya kubuni. Bibi alikuwa akihamaki. Yeye hasimulii visa, alijibu; anasimulia ukweli mtupu.

Mtoto akaahidi kwamba akikua ataiandika hadithi ile, nayo ndiyo iliyokuja kuwa Jubilee.

Wanaoyasimulia maisha ya Walker hupenda kuishia kwenye ahadi, kwa sababu ahadi inapendeza. Mimi nimenasa kwenye malalamiko ya wazazi. Yule mama wa bibi, ambaye jina lake halisi lilikuwa Margaret Duggans Ware Brown, alifariki kiasi cha mwezi mmoja kabla ya kuzaliwa kwa Margaret huyu, kwa hiyo mtoto hakuwahi kumsikia wala kumwona; alichokuwa nacho ni sauti ya mtu wa pili tu, na watu wazima wawili wenye elimu waliosema kwamba sauti hiyo inatia chumvi. Alilala akiwa amebeba hadithi pamoja na shaka juu ya hadithi hiyo, na shaka ile, naamini, ilikuja kumla miaka mingi kuliko kazi ya kuandika yenyewe.

## Kaskazini

Mwaka 1932 Langston Hughes, mshairi mweusi mashuhuri, alifika New Orleans kusoma mashairi yake katika chuo walichokuwa wakifundisha wazazi wa Walker. Binti, akiwa na miaka 16, alimwonyesha mashairi yake, na Hughes akawaambia wazazi kwamba mtoto huyu ana kipaji na kwamba wamtoe Kusini mwa Marekani. (Hughes ndiye huyohuyo aliyekuja kuketi na waandishi wa Afrika pale Makerere mwaka 1962. Ninalitaja hilo kwa kuwa huwa napenda kuona jinsi njia za watu hawa zilivyopita karibu na malango yetu.)

Wazazi walimsikiliza. Walker akahamia Chuo Kikuu cha Northwestern, akahitimu mwaka 1935, na mwaka uliofuata akapata kazi katika Federal Writers' Project, mpango wa serikali uliowaajiri waandishi wasio na kazi wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi. Huko ndiko alikozoeana na Richard Wright, wakawa wanakutana na waandishi wenzao weusi wa upande wa kusini wa Chicago, wakisomeana miswada na kubishana. Huko pia alikuwako mwandishi Nelson Algren. Shairi lilipogoma kumalizika, Walker alimwonyesha Algren, naye akamuuliza anawatakia nini watu wake.

Ukilisoma shairi, utaona kwa nini swali hilo lilikuwa ufunguo. Beti tisa za kwanza ni mmiminiko mmoja wa watu weusi wa Marekani: nyimbo zao za maombolezo na za furaha, kufua na kupiga pasi na kupika na kusugua sakafu, watoto wanaocheza kwenye vumbi la nyua za Alabama, umati wa 47th Street kule Chicago na wa Rampart Street kule New Orleans. Kila ubeti unawaweka watu hao mbele yako bila kukupa nafasi ya kupumua, wala hauwaombei kitu. Ubeti wa kumi ndio unaogeuka ukaamuru: dunia mpya na iinuke. Kwa dakika 15 msichana alikuwa amesema watu wake ni akina nani, na ilihitajika mtu wa kumwuliza ndipo akajua anawatakia nini.

Urafiki na Wright haukudumu. Alipohamia New York mwaka 1937, Walker aliendelea kumtumia vipande vya magazeti ya Chicago kuhusu kesi ya kijana aliyeitwa Robert Nixon, na vipande hivyo viliingia katika malighafi ya riwaya ya Wright, Native Son, iliyotoka mwaka 1940 na kumpa umaarufu mkubwa. Kufikia wakati huo walikuwa wameshavunjika. Walitengana New York mwaka 1939, na Walker aliondoka akiwa amejeruhiwa moyoni.

Hapa ndipo swali langu lilipoanza kupata umbo. Wright, kijana asiye na mtoto na asiye na darasa la kufundisha, aliikamilisha riwaya yake kwa miaka michache. Rafiki yake aliyemtafutia magazeti alihitaji miaka 26 zaidi.

## Kurasa zilizowekwa kando

Jambo ambalo mzungumzaji wetu hakulitaja ni kwamba Jubilee ilianza kuandikwa kabla ya "For My People". Walker alikuwa angali mwanafunzi Northwestern alipoanza, akafika kurasa zipatazo 300 za taipureta, halafu akaziweka kando kwa sababu aliona hazisikiki sawasawa.

Namwelewa. Kuzungumza kwa niaba ya umma ni jambo ambalo shairi linaliweza. Shairi linaweza kusema "watu wangu" na msomaji akaona maelfu. Riwaya inakudai mtu mmoja, jikoni, siku ya juma, akiwa na chungu mbele yake, na inakuuliza ndani ya chungu kuna nini. Sabuni ilitengenezwaje shambani? Mtumwa aliyeumwa alipewa majani gani? Mwanamke mweusi huru alihitaji karatasi gani ili asikamatwe barabarani? Bibi Elvira alikuwa amempa huzuni na vicheko na majina ya watu, lakini maswali ya namna hii msichana wa miaka 19 hakuwa na namna ya kuyajibu, na kila alipojaribu kuyaruka, nadhani, alikuwa akizisikia sauti za wazazi mlangoni.

Akaiacha riwaya, akaandika mashairi. Mwaka 1940 alipata shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Iowa, akiwa chini ya Paul Engle, kwa mkusanyo wa mashairi, na mkusanyo huo ukamletea tuzo ya Yale ya washairi chipukizi mwaka 1942, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Stephen Vincent Benét, aliyekuwa mhariri wa tuzo hiyo, ndiye aliyemchagua. Alikuwa na miaka 27 na kila kitu kilikuwa kinamwendea vyema.

Diwani yake iliyofuata ilitoka mwaka 1970.

## Jibu alilolitoa mwenyewe

Mwaka 1972 Walker alichapisha insha ndogo aliyoiita How I Wrote Jubilee, na ndani yake yamo maneno ambayo ningetamani yabandikwe ukutani katika kila semina ya waandishi. Anaeleza kwamba watu humwuliza anapataje muda wa kuandika huku ana familia na kazi ya ualimu. Jibu lake ni kwamba hapati. Hiyo ndiyo sababu mojawapo, anasema, ya kitabu kuchelewa kiasi kile. Riwaya hudai saa nyingi kila siku, kwa mwendo uleule, mpaka iishe, na haiwezekani kibinadamu kwa mwanamke aliye mke na mama kufanya kazi ya kufundisha ya kudumu na kuandika kwa namna hiyo.

Hakuna subira katika maneno hayo. Hayo ni maneno ya mtu aliyeonewa na saa.

Aliolewa mwaka 1943 na Firnist James Alexander, wakapata watoto wanne. Alifundisha North Carolina na West Virginia, na tangu mwaka 1949 akawa Jackson, Mississippi, katika chuo ambacho leo ni Jackson State University, ambako alidumu miaka 30. Kila mwenye kufundisha anajua mwaka wa masomo unavyokwenda: unapanga kwamba utaandika baada ya mitihani, mitihani inaleta madaftari, madaftari yanaleta mikutano, na likizo ikifika mtoto anaumwa surua. Ufadhili ulimjia mara mbili, wa mfuko wa Rosenwald mwaka 1944 na wa mfuko wa Ford mwaka 1953, na ukifuatilia maendeleo ya mswada utaona kwamba ulisogea hasa ulipopata mtu wa kuulipia. Ufadhili ulipokwisha, karatasi zililala tena, safari moja kwa miaka mingi mfululizo.

Nilipofika hapo nilidhani nimeshinda mjadala. Subira haikuwa subira; ilikuwa ni ukosefu wa fedha na msaada, basi.

Lakini Walker mwenyewe ndiye aliyeniharibia ushindi.

## Fuawe ya Dawson

Katika insha hiyohiyo anasimulia safari yake kwenda Dawson, Georgia, mji ambao bibi yake aliutaja katika hadithi. Bibi alikuwa akisimulia juu ya baba yake, Randall Ware, mtu mweusi aliyezaliwa huru, mhunzi, mwenye mali yake mwenyewe katikati ya nchi ya watumwa. Ukimsimulia mtu habari hizo mezani, hata leo, ataona zimepambwa. Walker alifika Dawson akamkuta mtu aliyemjua Randall Ware. Akaonyeshwa mahali pa uhunzi wake, na fuawe.

Nimeifikiria sana fuawe hiyo. Hadithi nyingine zote za bibi mtu angeweza kuzipunguza bei, lakini chuma kizito kiasi kile hakina namna ya kutiwa chumvi. Kama mhunzi alikuwako, basi huenda na ndoa yake na yule mjakazi ilikuwako, na kama ndoa ilikuwako, huenda na viboko vilikuwako. Kutoka huko alikwenda Greenville, Alabama, kwa mdogo wake bibi, akapewa picha ya mama wa bibi yake, mwanamke aliyekuwa akimsikia tangu akiwa kitandani utotoni bila kuwahi kumwona.

Halafu akaanza kusoma kwa namna ambayo inaonekana kama wazimu kwa mtu asiyejua anatafuta nini. Alisoma masimulizi ya watumwa waliokombolewa, historia ya vita kama ilivyoandikwa na watu wa Kaskazini, kama ilivyoandikwa na wazungu wa Kusini na kama ilivyoandikwa na wanahistoria weusi, shajara za wake wa mabwana, nyaraka za mashamba katika hifadhi za North Carolina. Ukiifungua Jubilee sasa utaona usomaji huo umekwenda wapi: kwenye majani ya porini anayoyachuma Vyry, mhusika mkuu aliyetokana na yule mama wa bibi, kwa chakula na kwa dawa, kwenye mapishi, kwenye namna karamu ya Krismasi ilivyoandaliwa katika nyumba kubwa huku waliopika wakila kwa nafasi yao. Riwaya inaanza na Hetta, mjakazi aliyemzalia bwana wake na mume wake watoto wapatao 15, akiwa kitandani anakufa, na mtoto wake Vyry analetwa amwone. Chumba kile kina joto na kina watu, na kila aliyemo ana kazi ya kufanya. Kurasa hizo haziwezi kuandikwa na msichana wa miaka 19, hata angepewa fedha zote za Rosenwald.

Kwa hiyo ninakubali nusu. Baadhi ya miaka ile ilikihudumia kitabu. Mingine ilikinyang'anya. Sioni namna ya kuitenganisha, na sidhani Walker naye aliweza.

## Mtaa mmoja na Medgar Evers

Huko Jackson familia ya Alexander iliishi Guynes Street. Katika mtaa huohuo aliishi Medgar Evers, katibu wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, katika Mississippi, mpaka usiku wa kuamkia tarehe 12 Juni 1963, alipopigwa risasi kwenye njia ya gari mbele ya nyumba yake, mkewe na watoto wakiwa ndani. Aliyempiga, Byron De La Beckwith, hakutiwa hatiani hadi mwaka 1994.

Walker katika miaka hiyo alikuwa amerudi Iowa kusomea uzamivu, akiwa mama mwenye umri wa karibu miaka 50 katikati ya wanafunzi vijana, kwa kuwa aliruhusiwa kuitumia riwaya kama tasnifu. Hili nalo linaniambia kitu. Mwanamke yule hakupata njia ya kuimaliza riwaya mpaka alipoigeuza kuwa sharti la kazi, shahada ambayo ingemwongezea hadhi na mshahara, yaani kitu ambacho familia na mwajiri wangekitambua kama sababu ya haki ya kutokuwepo nyumbani. Katika semina za uandishi, Verlin Cassill alimfundisha kugeuza maelezo kuwa matukio, maana mpaka hapo alikuwa akieleza mno. Mswada ukamalizika katika majira ya kuchipua ya mwaka 1965, miaka 100 kamili tangu vita vile vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha, na mwaka 1966 kampuni ya Houghton Mifflin ikauchapisha.

Ninapousoma ukatili wa mnyapara Grimes katika kitabu kile, najua kwamba uliandikwa na jirani wa Evers. Mashairi ya kumlilia Evers na wenzake yalikuja baadaye, katika Prophets for a New Day, diwani ya 1970 niliyoitaja. Humo Evers amepewa jina la nabii Mika.

## Mgongo wa Vyry

Sehemu ambayo imenisumbua kuliko zote iko karibu na mwisho wa riwaya. Randall Ware anarudi baada ya miaka mingi na kumkuta Vyry ameolewa na Innis Brown, mtu mwema aliyemlea yeye na watoto wake, maana kila mtu alidhani Ware amekufa. Wote watatu wako nyumba moja. Ware ana hasira na wazungu, na ana haki ya kuwa nayo. Amepoteza ardhi yake kwa vitisho vyao. Anamshambulia Vyry kwa maneno, akimwona mpole mno kwa watu waliomtesa, akimkumbusha damu ya bwana iliyomo ndani yake. Ndipo Vyry anapowaonyesha mgongo wake.

Wanaume wote wawili wanauona. Miaka ile ya utumwa Ware alikuwa amemwita Vyry watoroke pamoja na akamtaka awaache watoto. Yeye akashindwa kuwaacha, akatoka nao usiku, akakamatwa na kupigwa. Makovu yale yamekuwa jibu la swali ambalo Ware hakuwahi kuliuliza. Kisha Vyry anasema kwamba mmoja wa waliomtesa akija mlangoni pake asubuhi ana njaa, atampa chakula.

Kitabu kilitoka mwaka 1966, mwaka uleule ambao Stokely Carmichael aliinua wito wa nguvu ya watu weusi pale Greenwood, katika jimbo hilohilo la Mississippi. Si ajabu kwamba baadhi ya wasomaji walimwona Vyry kuwa ni mtu wa zamani, mwanamke anayesamehe upesi. Nami nilipoisoma mara ya kwanza niliifunga kwa hasira kidogo. Ninavyoona sasa ni kwamba msamaha ule haukuja upesi hata kidogo: umewekwa baada ya mgongo kuonyeshwa, mbele ya mashahidi, na anayeutoa amehakikisha kwanza kwamba hesabu imesomwa. Zaidi ya hapo, Walker alikuwa amefungwa. Angemfanya Vyry awe na chuki, pengine vijana wa 1966 wangempenda zaidi, lakini bibi yake hakumsimulia mwanamke mwenye chuki, na yeye alikuwa ametumia miaka 30 kuthibitisha kwamba bibi alisema kweli.

Je, hilo ni uaminifu kwa bibi, au ni riwaya kushindwa kumhoji bibi? Kila nikirudi kwenye ukurasa ule napata jibu jingine.

## Mahakamani

Mwaka 1976 mwandishi Alex Haley alitoa Roots, kitabu juu ya familia yake tangu enzi za utumwa, na jina la babu yake wa kale, Kunta Kinte, likaenea mpaka kwa watu ambao hawajawahi kufungua kitabu hicho. Mwaka uliofuata Walker alimshtaki Haley mjini New York, akidai kwamba amechukua kutoka Jubilee na kutoka ile insha yake juu ya namna alivyoiandika. Septemba 1978 Jaji Marvin Frankel aliitupa kesi. Alisema kwamba mengi yaliyofanana yalikuwa ni matukio ya historia, desturi na semi za watu, au mandhari ambayo hayaepukiki katika kisa chochote cha utumwa: mtumwa anayetoroka na kufuatiwa na mbwa, familia inayotenganishwa mnadani, bwana anayemzalisha mjakazi. Mambo hayo hayana mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka huohuo Haley alikubali kumlipa mwandishi mwingine, Harold Courlander, dola 650,000 kumaliza kesi yake. Walker hakupata kitu.

Kisheria naona jaji alikuwa sawa. Kwa upande wa pili, fikiria ulivyo uchungu wake. Kwa miaka 30 mwanamke anakusanya ushahidi ili isisemwe kwamba visa vya bibi ni vya kubuni, na anapokwenda mahakamani kutetea kazi hiyo anaambiwa kwamba kwa kuwa si vya kubuni, si vyake. Shaka ya wazazi ilikuwa imepatiwa jibu, na jibu likageuzwa kuwa hoja dhidi yake.

Miaka kumi baadaye mambo yaligeuka. Alichapisha wasifu wa Richard Wright mwaka 1988, na mjane wa Wright akaenda mahakamani kwa sababu ya matumizi ya barua na maandishi ya marehemu. Safari hii Walker na wachapishaji wake wakashinda, na mahakama ya rufaa ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 1991. Ni historia ya sheria ambayo mwanafunzi yeyote wa hakimiliki angefurahi nayo. Kwa riwaya mpya iliyokuwa inasubiri mezani, ilikuwa ni miaka mingine imepita.

## Baada ya kustaafu

Kwa sababu riwaya mpya ilikuwapo. Walker alikusudia kuendeleza hadithi ya familia katika kizazi cha Minna, binti wa Vyry, yaani bibi Elvira mwenyewe, na alikuwa na nyingine pia aliyoianza. Alistaafu mwaka 1979, watoto wakiwa wameshakua, akaishi hadi tarehe 30 Novemba 1998. Hiyo ni miaka 19 isiyo na kengele ya darasa. Alitoa wasifu wa Wright, akatoa This Is My Century iliyokusanya mashairi yake, akatoa insha na hotuba. Riwaya ya pili haikuja.

Na kuna jambo jingine linalozidi kunivuruga. Tangu ujanani aliandika shajara, na zilizohifadhiwa katika kituo chenye jina lake hapo Jackson State ni zaidi ya 130. Mtu asiyepata muda wa kuandika alikuwa anaandika karibu muda wote: mipango ya riwaya, hesabu za nyumba, malalamiko juu ya wakuu wa chuo, maombi. Mashairi, ambayo yeye alisema huenda yakavumilia maisha yenye shughuli, yalikaa miaka 28 bila diwani. Shajara ndizo zilizovumilia, pengine kwa kuwa hakuna aliyezidai na hakukuwa na bibi wa kuzikagua.

Basi maelezo yangu ya fedha na saa yanafika mahali yanaishiwa nguvu, kama yale ya subira. Ninalobaki nalo ni dhana: kwamba Jubilee ilikuwa na fuawe na picha na sauti ya mtu aliyeona, wakati kizazi cha Minna kilikuwa karibu mno, chenye watu ambao jamaa walio hai waliwakumbuka na wangeweza kukasirika. Na kwamba nguvu zake za mwisho alizitumia kwa wengine, katika taasisi ya masomo ya historia na maisha ya watu weusi aliyoianzisha mwaka 1968, na katika tamasha la mwaka 1973 la kumkumbuka Phillis Wheatley, mshairi mweusi wa enzi za utumwa, lililowaleta Jackson waandishi kina Audre Lorde, Alice Walker na Nikki Giovanni. Wengi wao walikuwa wadogo kwake kwa miaka kumi hadi thelathini, na kabla ya yeye kustaafu baadhi yao walikuwa tayari wana vitabu vingi kuliko yeye.

Guynes Street leo inaitwa Margaret Walker Alexander Drive. Nyumba ya Evers, ambayo sasa ni eneo la kumbukumbu la kitaifa, anwani yake inabeba jina la jirani yake mwandishi. Shajara zimewekwa kwenye intaneti na mtu anaweza kuzisoma kwa mwandiko wake. Nimeanza na zile za miaka ya 1950, wakati Jubilee ilipokuwa imelala, kwa sababu ndiyo miaka ambayo hakuna anayeisifu.